Kabla ya Kununua Globu Nyingine ya Taa ya Ukungu

Msomaji wetu wa Wete, Pemba, ana gari dogo la Kijapani analolitumia kuchukulia samaki kutoka Tumbe alfajiri. Ameandika kwamba taa yake ya ukungu ya upande wa kushoto imekufa, na kwamba amekwisha kubadilisha globu mara mbili katika muda wa miezi miwili: ya kwanza ilidumu wiki tatu, ya pili siku tatu tu. Sasa ya upande wa kulia nayo imeanza kufifia, kioo cha kushoto kina maji ndani, na fundi mmoja amemshauri aweke globu za LED ili aondokane na tabu. Anauliza kama anunue taa mpya mbili, aweke hizo za LED, au kama kuna kitu kingine kinachoziua globu zake.

Ndugu yangu, usinunue kitu chochote kwanza. Dalili ulizozitaja ni za magonjwa mawili, si mmoja. Globu inayokufa mapema pamoja na kioo chenye maji ni ugonjwa wa upande wa kushoto peke yake. Taa ya kulia inayofifia ni ugonjwa wa waya, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni wa ule waya wa hasi ambao sisi mafundi tunauita ethi. Yote mawili yanatokana na unyevu na chumvi. Gari linalosimama karibu na maji ya bahari kila alfajiri, kisha likapita katika madimbwi ya masika, hupata maradhi ya umeme mapema kuliko gari kama hilo hilo linalokaa bara mbali na pwani, na taa za ukungu ndizo zinazoumia mwanzo kwa sababu zimewekwa chini kabisa, ndani ya bampa, mahali ambapo kila tone linalorushwa na tairi linafika.

Niseme kidogo kuhusu kazi ya taa hizi, maana hapo ndipo utakapoona kwa nini ushauri wa LED haukufai. Ukungu wenyewe kama ule wa Lushoto au Mufindi sisi huku visiwani hatuna. Tulicho nacho ni mvua kubwa ya Machi hadi Mei, na ile ya vuli kuanzia Oktoba, mvua ambayo ikimwagika usiku hufanya taa kubwa zikuoneshe ukuta mweupe badala ya njia. Sababu ni kwamba kila tone la mvua linarudisha sehemu ya mwanga kwenye macho ya dereva, na kadiri taa inavyokuwa karibu na usawa wa macho yake ndivyo mwanga huo unavyomrudia mwingi zaidi. Taa ya ukungu imetengenezwa kukwepa jambo hilo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 48, inayohusu ufungaji wa taa za magari, inataka kwa magari madogo taa ya ukungu ya mbele isiwe chini ya milimita 250 wala juu ya milimita 800 kutoka ardhini. Mwanga wake hutoka mpana na mfupi, na kwa juu umekatwa kama kwa kisu, ili upite chini ya sehemu unayoitazama na ukuoneshe ukingo wa lami, shimo na mtu anayetembea pembeni. Mkato huo wa juu ndio roho ya taa hii. Taa ya ukungu isiyokuwa na mkato ni taa ya kupofusha watu.

Sasa tuanze na globu zako mbili zilizokufa. Natumai hukuzitupa, kwa sababu globu iliyokufa hueleza yenyewe ilivyokufa. Ishike kwenye kitako chake na uitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona ndani kuna unga au moshi mweupe, au wa manjano kidogo, basi kioo kilipata ufa na hewa ikaingia, na uzi ukaungua kwa kukutana na hewa hiyo. Hii ndiyo hali ninayoitarajia kwenye taa yako ya kushoto, kwa kuwa kioo cha globu ya halojeni kinapata moto mkali sana na tone moja la maji yaliyokusanyika ndani ya taa linatosha kukipasua. Ukiona kioo ni safi kabisa na uzi umekatika vipande viwili, shuku mtikisiko: taa imelegea kwenye mabano yake na inapiga kelele kila unapopita shimo. Ukiona kioo kimevimba mahali pamoja kama chunusi, kuna aliyekishika kwa vidole vyenye mafuta. Mafuta yale hubaki pale, sehemu ile hupata joto kuliko nyingine, na kioo hulainika na kutoka nje. Weusi wa moshi uliosambaa kioo kizima, kwa kawaida, ni dalili ya uzee, ingawa globu ya siku tatu haistahiki kuzeeka. Ukiuona kwenye globu changa, pima chaji ya gari: injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, tatizo lako liko kwenye jenereta, na globu zitaendelea kufa upande wowote utakaoziweka.

Jambo ninalotaka ulishughulikie kwa subira zaidi ni la upande wa kulia. Taa inayofifia haijafa, na ukiibadilishia globu utapata nyingine inayofifia vile vile. Mwaka mmoja wakati wa masika niliwahi kuletewa gari la abiria ambalo mwenyewe alikwisha kulinunulia globu sita, zote akazitoa na kuziweka kwenye kisanduku kwa kudhani ni mbovu. Nilizijaribu sita zile moja moja kwenye betri. Zote zilikuwa nzima. Nikafungua boliti ya ethi iliyofungwa kwenye bodi chini ya taa kubwa ya kushoto, ikatoka na unga wa kijani uliochanganyika na kutu ya kahawia. Kile kijicho cha shaba cha mwisho wa waya, kilichokuwa kimeshikwa na boliti, kilikuwa kimeliwa hadi kimekuwa chembamba kama ganda la kitunguu, na nilipokikunja kwa kidole kikavunjika. Nikakata sentimita tano za waya. Shaba ya ndani ya mpira ilikuwa nyeusi. Nikakata tano nyingine, bado nyeusi kidogo. Mara ya tatu ndipo nyuzi zikang'aa. Chumvi ilikuwa imepanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na kwa nje mpira ulikuwa mzima, mweusi, hauna dosari yoyote ya kumshtua mtu.

Ndiyo maana nasisitiza upimaji, na ndiyo maana naomba upime taa ikiwa inawaka. Mafundi wengi huchomoa plagi ya taa, wakaweka mita ya kupimia umeme kwenye ncha zake, ikasoma volti 12.4, wakasema umeme upo, tatizo ni globu. Kipimo hicho kinadanganya. Mita haili umeme wa kutosha kuutaabisha waya mbovu. Ni kama bomba la maji lililoziba nusu: mfereji ukiwa umefungwa, presha hujaa hadi mwisho na utadhani kila kitu ni sawa, ukiufungua, maji yanadondoka. Globu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 4.6, na ni pale inapovuta ndipo kutu inapojitangaza.

Fanya hivi. Washa taa, plagi ikiwa imechomekwa mahali pake. Ingiza ncha nyembamba ya mita kwa nyuma ya plagi, pembeni mwa waya, hadi iguse chuma cha ndani. Usiuchome mpira wa waya wenyewe, kwa sababu tundu lile dogo utakaloliacha ndilo mlango wa maji ya chumvi ya mwaka ujao. Kwanza soma volti baina ya waya mbili za taa na uzilinganishe na volti za betri kwa wakati ule ule. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti hivi, kuna mahali umeme unapotelea. Kisha weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye waya wa ethi wa taa, taa ikiendelea kuwaka. Ethi iliyo safi itasoma chini ya volti 0.2. Ikisoma volti moja au mbili, umempata mwizi wako. Ethi ikiwa nzima, rudia upande wa chanya: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa chanya wa taa, na hesabu ndiyo hiyo hiyo, ingawa upande huu uvumilie kidogo zaidi kwa kuwa umeme unapita kwenye swichi, fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kabla ya kufika. Usiione volti moja kuwa kitu kidogo. Kwa globu ya uzi, volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu theluthi. Zikishuka kutoka 12 hadi 10, unabaki na nusu ya mwanga au zaidi kidogo tu.

Dawa ya ethi mbovu haina gharama. Fungua boliti, kwangua rangi na kutu kwenye bodi kwa msasa hadi chuma cheupe kionekane, kata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, funga kijicho kipya, kaza, kisha paka grisi au hata mafuta ya mgando juu ya kiungo kizima baada ya kukaza ili hewa ya bahari isikifikie. Ndani ya plagi, ncha zilizoota kijani zisugue kwa msasa laini au kijiti kilichofungwa kitambaa, upulize dawa ya kusafishia viungo vya umeme kama unayo, na upake grisi kiasi. Plagi iliyoyeyuka au kugeuka rangi ya kahawia usiisafishe. Ibadilishe, kwa kuwa chuma chake cha ndani kimekwisha kupoteza mbano.

Habari ya fyuzi na rilei nitaipitia kwa haraka, kwani kwako taa moja bado inawaka, na hilo peke yake linaonesha kwamba fyuzi, rilei na swichi zinafanya kazi. Ingekuwa zote mbili zimezimika pamoja, hapo ndipo ningekutuma kwenye fyuzi kwanza, na baada yake kwenye rilei, ambayo katika magari mengi unaweza kuijaribu kwa kubadilishana na ya honi kama namba zilizoandikwa juu yake zinafanana. Ukumbuke pia kwamba magari mengi ya Kijapani hayakubali kuwasha taa za ukungu mpaka taa ndogo ziwe zimewashwa. Nimeshaletewa magari mazima kwa sababu hiyo. Lakini kuna onyo moja ambalo sitalipita kwa haraka. Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Penye ampea 15 weka ya ampea 15. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inasema kuna waya unapiga shoti, na ukiweka 30 fyuzi itanusurika na waya ndio utakaowaka moto ndani ya fenda. Chomoa plagi za taa zote mbili, weka fyuzi mpya, washa: ikiungua, shoti iko kwenye waya; isipoungua, rudisha plagi moja baada ya nyingine na ile itakayoiunguza ndiyo yenye kasoro.

Sasa kubadilisha globu yenyewe. Soma namba iliyopigwa chapa kwenye kitako cha ile ya zamani, na uthibitishe na maandishi yaliyo nyuma ya kasha la taa, kwa kuwa huenda aliyekutangulia aliweka isiyostahiki. H8, H11 na H16 zinafanana sana kwa sura na mtu mwenye nguvu za mkono anaweza kuilazimisha moja iingie mahali pa nyingine, lakini H8 ni ya wati 35, H11 ni ya wati 55 na H16 ya kawaida ni ya wati 19. Taa iliyoumbwa kwa wati 35 ikitiwa 55, joto la ziada huyeyusha plagi na hupindisha kioo cha mbele cha plastiki, na kioo kikipinda maji huingia. Naomba uliangalie hili kwa makini kwenye taa yako ya kushoto, maana yanaweza kuwa ndiyo maelezo ya yote.

Zima taa, uache zipoe. Kata usukani hadi mwisho kuelekea upande ulio kinyume na taa unayoishughulikia, ili nafasi ipatikane mbele ya tairi. Kwa magari mengi madogo huhitaji kulipandisha gari kwa jeki. Toa klipu na skurubu chache za plastiki inayofunika ndani ya fenda, uivute kiasi cha kupitisha mkono. Utaigusa plagi kabla ya kuiona. Bonyeza kiulimi chake, ichomoe, kisha zungusha globu robo mzunguko kinyume na mwendo wa saa na uitoe. Iingize mpya kwa kuishika kwenye kitako tu, na kioo chake kisiguse ngozi yako. Kikiguswa, kifute kwa kitambaa safi chenye spiriti. Ule mpira mwembamba wa mviringo kwenye shingo ya globu utazame kama unautazama usalama wa taa nzima: ukiwa umekauka, umepasuka au haupo, maji yataingia hata kama kioo cha mbele ni kizima.

Kuhusu maji, tofautisha jasho na dimbwi. Taa nyingi zimewekewa vitundu vidogo vya kupumulia, na baada ya mvua utaona ukungu mwepesi ndani ya kioo unaokauka taa ikiwaka kwa muda. Huo uache. Maji yanayoyumba chini ya kioo gari likikata kona ni jambo jingine. Ishushe taa nzima, toa globu, mwaga maji, suuza ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uianike juani mpaka ikauke kabisa. Kisha ijaribu kinyume: ziba tundu la globu kwa mkono, izamishe upande wa kioo kwenye beseni la maji, uangalie mapovu yanatokea wapi. Ufa mdogo kwenye kioo au ukingoni unaweza kuzibwa kwa silikoni inayostahimili joto, lakini vitundu vya kupumulia usivizibe hata kidogo, kwani taa isiyopumua huvuta maji kupitia mahali popote pengine inapopoa ghafla. Kioo kikiwa kimepinda kwa joto, au ile rangi ya fedha ya ndani imebabuka, hapo tu ndipo nitakuambia ununue taa mpya, na hata hapo ni ya kushoto peke yake.

Nimefika kwenye LED, na nitasema wazi kwamba nakukataza. Kikombe kinachoakisi mwanga ndani ya taa yako kimechorwa kwa hesabu ya uzi mmoja mwembamba uliokaa mahali mahsusi. Globu ya LED hutoa mwanga kutoka kwenye vipande vilivyobandikwa pande mbili za kibao, na kikombe hakijui la kufanya na mwanga huo. Ule mkato wa juu niliokueleza hupotea, na mwanga hupanda machoni mwa anayekuja. Barabara zetu ni nyembamba. Anayekuja mara nyingi ni mtu wa vespa au baiskeli, au gari la ng'ombe lisilokuwa na taa yoyote. Zaidi ya hayo, nyingi zina mwanga wa kuelekea buluu, ambao kwenye mvua humchosha dereva mwenyewe, na zina feni ndogo ya kuzipoza nyuma yake ambayo chumvi ya Tumbe haitaiacha. Na hazitoi joto mbele, kwa hiyo hata lile jasho la kawaida ndani ya kioo litachelewa kukauka. Taa kamili iliyotengenezwa kiwandani kuwa ya LED ni kitu kingine, na hiyo sina ugomvi nayo. Ukipenda mwanga wa manjano, tafuta globu ya halojeni ya manjano yenye namba na wati zile zile. Hautapenya mvua zaidi ya mweupe, ila macho ya watu wengi hustarehe nao.

Ukishazirudisha, zielekeze. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini na ukichore ukutani kwa chaki. Ukingo wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kama sentimita 20 chini ya mstari huo. Skurubu ya kurekebishia iko nyuma au pembeni mwa taa. Uipime gari likiwa na mzigo wako wa kawaida wa samaki, kwa sababu matangi na barafu vikilala nyuma pua ya gari hupanda, na mwanga nao hupanda.

Na usizitegemee kwa mwendo. Mwanga wake ni wa masafa mafupi, na kwa kilomita 40 kwa saa gari linakwenda mita 11 kila sekunde. Mvua ikikatika, zizime.

Anza basi na ethi ya kulia, wikiendi hii kama unaweza, na uziweke zile globu mbili zilizokufa mezani. Kisha niandikie mambo matatu: namba iliyoko kwenye kitako cha globu na ile iliyoko nyuma ya kasha la taa, rangi uliyoiona ndani ya kioo cha globu, na volti ulizozisoma baina ya hasi ya betri na ethi ya taa ya kulia ikiwa inawaka. Kwa hayo matatu nitaweza kukuambia boliti ipi uifungue.